Klachi inayoishi ndani ya oili: Nilivyokaribia kuua gari la mzee la mwaka wa 1937

Ukikaa gareji, hata kama kazi yako ni kushika tochi na kutumwa chai, kuna somo moja unalofundishwa mapema: oili na klachi ni maadui. Oili ikigusa klachi, gari halivuti. Unashusha giaboksi, unatafuta sili inayovuja, unaosha kila kitu na petroli, unafunga, unalipwa.

Mimi nililiamini somo hilo kwa miaka mitatu bila swali. Halafu Agosti mwaka jana nikalitumia kwa gari moja pale Njoro, na nusura nimfanye mzee wa watu apoteze kitu alichorithi kwa babake.

Gari lenyewe ni Hudson Terraplane ya 1937. Najua wengi wenu mnauliza, Hudson ni nini? Kama ulitazama filamu ya *Cars* ya mwaka wa 2006, unamkumbuka yule gari mzee wa buluu aliyekuwa hakimu, Doc Hudson. Yule ni Hudson Hornet ya 1951. Kampuni ya Hudson ilianzishwa Detroit, Marekani, mwaka wa 1909, na ilipewa jina la tajiri wa maduka aliyetoa mtaji. Hornet zake zilitawala mbio za NASCAR mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka wa 1954 kampuni iliungana na Nash-Kelvinator wakaunda American Motors, na miaka michache baadaye jina Hudson likazikwa. Terraplane lilikuwa gari lake la bei nafuu la miaka ya 1930. Mwaka wa 1932, lilipozinduliwa, aliyealikwa kulibatiza ni rubani maarufu Amelia Earhart.

La huku Njoro halikubatizwa na rubani yeyote. Liliachwa na mkulima Mzungu mwaka wa 1963 alipofunga virago, akamuuzia dereva wake kwa bei ya kuagana. Dereva huyo alikuwa babake Guka. Guka (sisi sote pale gareji tunamwita hivyo, ingawa si ndugu yetu) alijifunza kuendesha ndani yake, na hadi miaka kumi hivi iliyopita bado alikuwa analitoa siku ya Jamhuri, anazunguka nalo hadi sokoni, anarudi.

"Lisipotembea kufikia Krismasi, linaenda kwa kilo"

Hayo ni maneno ya mwanawe wa kwanza, na sitamlaumu. Gari lilikuwa limekaa chini ya mabati miaka mingi. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Jamaa anaishi Nairobi, analipa karo ya watoto watatu, na wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuwa wameshafika mara mbili na mizani yao.

Guka akaomba nafasi moja. Mjomba wangu ana gareji ndogo upande wa Nakuru, na alikubali kazi hiyo zaidi kwa heshima kuliko kwa pesa. Injini haikusumbua sana. Ni silinda sita za mstari mmoja, chuma kitupu, hakuna kompyuta wala sensa. Tulisafisha kabureta, tukabadilisha nyaya, tukaweka betri, na siku ya tatu ikanguruma. Guka alisimama mlangoni na kofia mkononi, hakusema kitu.

Shida ilikuwa chini. Kwenye sakafu, mahali injini inapoungana na giaboksi, kulikuwa na doa la oili. Si dimbwi, doa tu. Mjomba akanitazama. "Sili ya krenki," akasema. "Itakuwa imelowesha klachi. Shusheni muone."

Tukashusha. Kweli, klachi ilikuwa imelowa. Ukifungua kile kifuniko cha chuma kilichofungwa kwenye flaiwili, ndani kulikuwa na oili nyembamba iliyogeuka nyeusi, na pleti yenyewe ilikuwa ya ajabu: badala ya ile ngozi ngumu ya kawaida, ilikuwa sahani ya chuma yenye vitundu vingi, na kila kitundu kimezibwa na kitu cha rangi ya kahawia, laini, kama mpira na si mpira. Nilikuwa nimesoma uhandisi wa mitambo mwaka mmoja kabla karo haijanitoa chuoni, na ndani ya mwaka huo hakuna mtu aliyenionyesha kitu kama hicho.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikachukua petroli na brashi.

Niliosha pleti ile hadi ikang'aa. Nikaifuta, nikaianika juani kama nguo, nikafunga kila kitu kikavu kabisa. Nilijisikia fundi kweli. Nikapiga hata picha.

Harufu ya kuni

Mara ya kwanza kulitoa, gari liliruka kama chura. Unaachilia pedali polepole, halishiki, halishiki, halafu linashika ghafla na kukurusha mbele. Mjomba akasema ni kwa sababu limekaa sana, litazoea. Tukalipeleka hadi barabarani na kurudi, labda kilomita mbili, na kale kamlima ka kuingilia gareji kakatushinda. Injini inapiga kelele, gari limesimama. Halafu harufu ikaja.

Kama umewahi kuunguza klachi ya gari la kawaida, unaijua ile harufu kali ya breki. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa harufu ya kuni, kama mtu amewasha moto wa kuchoma mahindi chini ya viti.

Guka alikuwa amekaa kando yangu. Akauliza kwa upole, "Kijana, mliweka yale mafuta ya klachi?"

Nikamwambia, "Guka, klachi haiwekwi mafuta. Tuliyatoa yote."

Akanyamaza kidogo. "Baba alikuwa anaweka. Kikopo kidogo hivi. Nilikuwa namshikia kikopo." Halafu akaongeza, bila hasira, "Kitabu chake kiko nyumbani. Hamkuniuliza."

Kitabu kilikuwa ndani ya sanduku la bati, kimefungwa kwa gazeti. Kijitabu cha mwenye gari, kutoka kiwandani, kurasa zimegeuka manjano lakini zote zipo. Nilisoma ile sehemu ya klachi nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, na masikio yangu yakawa moto.

Sasa, klachi hii inafanyaje kazi?

Klachi kazi yake ni moja: kuunganisha injini inayozunguka na giaboksi iliyosimama, bila kuvunja chochote. Kwenye magari mengi ya gia za mkono, kuanzia Probox hadi lori, pleti ni kavu. Inabanwa kati ya flaiwili na presha pleti, inashika kwa msuguano. Ikiingia oili, msuguano unapungua, inateleza. Somo la gareji ni la kweli kwa magari hayo.

Hudson walifuata njia nyingine tangu miaka yao ya mwanzo, na hawakuiacha hadi 1954. Pleti yao ilizibwa vizibo, vile vile vya chupa ya mvinyo, na ikafungiwa ndani ya flaiwili pamoja na oili kidogo nyembamba sana. Kampuni iliuza oili yake maalum kwa kazi hiyo, ikaiita Hudsonite.

Kwa nini vizibo? Kizibo asilia kinatokana na gome la aina fulani ya mwaloni unaomea sana Ureno na Uhispania. Mti hauangushwi, gome linabanduliwa na kuachwa liote tena kwa miaka tisa hivi. Ndani ya gome hilo kuna vijumba vidogo vingi vilivyojaa hewa. Ukikibana kinabonyea, ukikiachilia kinarudi. Na sifa yake kubwa ni kwamba kinashika chuma vizuri hata kikiwa kimelowa oili. Ngozi ya klachi kavu haiwezi hivyo.

Oili nayo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kulainisha mshiko. Unapoachilia pedali, vizibo havigusi chuma mara moja, kwanza vinabana tabaka jembamba la oili, na tabaka hilo linakamuliwa polepole. Ndiyo maana wenye Hudson walisifu gari lao kwa kuondoka kama mashua, bila mshtuko. Ya pili ni kubeba joto. Kila mara klachi inapoteleza kidogo inatoa moto, na oili inauchukua na kuutawanya kwenye chuma kabla haujachoma vizibo.

Ukitoa oili, unabaki na kipande cha gome la mti kinachosuguliwa na chuma kinachozunguka mara elfu mbili kwa dakika. Hilo ndilo nililofanya. Ile harufu ya kuni ilikuwa kuni kweli.

Na lile doa la sakafuni? Oili hiyo inakaa ndani ya flaiwili bila tanki wala pampu. Gari likisimama, inatulia chini, haifiki kwenye tundu la katikati. Gari likitembea, mzunguko unaisukuma kwenye kingo. Gasketi kati ya kifuniko na flaiwili ikizeeka, inatoa tone moja moja. Kwa hiyo doa lilikuwa gasketi, si sili ya krenki. Gari lilihitaji gasketi ya mia chache, na sisi tukalipa ugonjwa.

Vizibo kutoka baa

Tulishusha giaboksi mara ya pili. Safari hii hakuna aliyekuwa anapiga picha. Vizibo upande mmoja vilikuwa vyeusi, vingine vimemomonyoka hadi viko chini ya uso wa chuma. Pleti hiyo ilikuwa imeisha.

Marekani kuna klabu ya wapenzi wa Hudson, Essex na Terraplane tangu 1959, na huko kuna mafundi wanaotia vizibo vipya kwenye pleti za zamani kitaalamu. Hiyo ndiyo njia sahihi. Lakini kutuma chuma kile ng'ambo na kukirudisha ilikuwa pesa ambayo Guka hana, na ilikuwa imebaki miezi miwili kabla ya Krismasi. Mwanawe alikuwa ameshapiga simu kuuliza.

Basi nikaanza kuzunguka baa na mahoteli ya Nakuru nikiomba vizibo vya mvinyo. Usicheke. Nilijifunza kwamba vingi siku hizi ni plastiki, na vingine ni unga wa vizibo uliogundishwa kwa gundi, hivyo havifai. Nilikuwa nataka vile vya kipande kimoja, vyenye mistari na vishimo vya asili. Kuna dada mmoja wa kaunta aliyenikusanyia mfuko mzima kwa wiki tatu. Nilipomweleza ni vya klachi aliniambia nimekunywa nini.

Kazi yenyewe ilienda hivi. Tulisukuma nje vizibo vya zamani na kusafisha vitundu. Tukakata kila kizibo kipya vipande vitatu au vinne, tukavichonga viwe vinene kidogo kuliko kitundu. Tukavichemsha sufuriani hadi vikawa laini, kisha tukavikaza kwenye vitundu kwa jiliwa kimoja baada ya kingine vikiwa bado moto, vikitokeza pande zote mbili. Vikipoa vinafura na kujikaza vyenyewe. Tukaacha pleti ikauke siku kadhaa chini ya uzito ili isipinde. Mwisho tukatandaza msasa juu ya kioo cha dirisha, tukasugua pleti taratibu hadi vizibo vyote vikawa kimo kimoja. Hapo ndipo pana uvumilivu. Kizibo kimoja kikizidi, ndicho kitabeba gari lote, na ndicho kitakachoungua kwanza.

Niseme wazi: hii ni njia ya dharura. Kwa gari la kutembea Jumapili na siku ya Jamhuri, sawa. Kwa safari ya Mombasa, tafuta pleti iliyotiwa vizibo na mtaalamu.

Kuweka oili: nusu chupa ya soda, basi

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata wale wanaojua kwamba klachi hii inataka oili. Wanadhani ikiwa kidogo ni nzuri, nyingi ni nzuri zaidi.

Kiasi kinachotakiwa ni theluthi moja ya painti ya Kimarekani, yaani kama mililita 160. Chukua chupa ya soda ya mililita 300, jaza hadi katikati na tone kidogo juu yake. Hiyo tu. Ukizidisha, oili inafika tundu la katikati na kumwagika nje, au inakaa kati ya pleti na chuma, klachi inateleza. Ukipunguza, gari linaanza kuruka kama chura, na unajua mwisho wake.

Aina ya oili nayo ni muhimu. Lazima iwe nyembamba. Oili ya giaboksi ya 90 ni sumu kwa klachi hii: ni nzito, inagundisha pleti, haiachii hata ukikanyaga pedali hadi sakafuni, na gia zinalia kila ukibadilisha. Wenye Hudson wengi siku hizi hutumia ATF, ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki, na wengine huichanganya na mafuta taa ili iwe nyembamba zaidi. Kila mmoja atakuapia yake ndiyo bora. Sisi tulichanganya nusu kwa nusu na imetufaa.

Ukiwa na gari la aina hii, au ukialikwa kulishika, fuata haya:

1. Zima injini, toa waya wa betri, toa gia, weka mawe kwenye magurudumu. Utazungusha injini kwa mkono na hutaki ijiwashe au gari lisonge. Ukiingia chini, usitegemee jeki pekee. Weka stendi.

2. Tafuta plagi iliyo kwenye flaiwili. Zungusha injini polepole hadi ionekane kwenye nafasi yake. Ifungue kwa spana inayoikaa vizuri, maana ikivunjika kichwa umejipa kazi ya siku mbili.

3. Zungusha tena hadi tundu liangalie chini, acha oili ya zamani itoke yote. Itazame. Ikiwa nyeusi na ina chembe za kahawia, vizibo vinalika.

4. Kama ni chafu sana, suuza kwa mafuta taa: weka kidogo, funga plagi, washa injini ikiwa silensa, kanyaga na kuachilia pedali mara kadhaa, kisha zima na umwage. Usiache kavu. Narudia, usiache kavu.

5. Rudisha tundu juu, pima oili mpya kwa chupa au bomba la sindano, mimina, funga plagi vizuri.

6. Angalia mchezo wa pedali kulingana na kitabu cha gari. Pedali isipokuwa na mchezo, klachi haishiki kikamilifu, inateleza polepole hata wewe hujui.

7. Usiendeshe ukiwa umepumzisha mguu kwenye pedali. Kwenye foleni, toa gia, achilia klachi.

8. Gari likikaa muda mrefu, vizibo vinaweza kunata kwenye chuma. Kila wiki mbili hivi washa injini na ukanyage pedali mara kumi. Dakika tano zinatosha.

Jinsi ya kujua tatizo bila kufungua: gari likiruka wakati wa kuondoka, oili imepungua au imeisha. Gia zikilia na pedali iko chini, oili ni nzito au ni chafu. Injini ikipanda mbio na gari halifuati, oili imezidi, pedali haina mchezo, au vizibo vimeisha. Ukisikia kuni, simama hapo hapo.

Si Hudson peke yake

Ukidhani hii ni habari ya magari ya makumbusho, subiri kidogo.

Ford Model T, lile gari lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kuuzwa zaidi ya milioni 15, lilikuwa na klachi ya pleti nyingi zinazoogelea kwenye oili ile ile ya injini. Asubuhi yenye baridi oili ikiwa nzito, pleti zilinatana, na gari lilianza kumsogelea mwenyewe akiwa bado mbele anazungusha hendeli. Watu walibanwa ukutani na magari yao wenyewe.

Na leo hii, boda boda iliyokuleta stejini ina klachi ya kuogelea kwenye oili. Boxer, TVS, karibu zote. Pleti kadhaa ndogo ndani ya oili ya injini, kanuni ile ile ya Hudson. Ndiyo maana si kila oili inafaa. Oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa dawa za kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta. Kwa injini ya gari hiyo ni baraka, lakini kwa klachi ya pikipiki ni kuteleza. Ukinunua oili ya pikipiki tafuta alama ya JASO MA kwenye mkebe. Nimewaona majamaa wakibadilisha pleti mara mbili kwa mwaka, wakilaumu milima na abiria wawili, kumbe shida iko kwenye mkebe.

Na nyinyi wa Golf, msijifiche. Giaboksi ya DSG ya gia sita ina klachi mbili zinazofanya kazi ndani ya oili, na oili hiyo inabadilishwa takriban kila kilomita 60,000. Ile ya gia saba ya magari madogo ina klachi kavu. Majina yanafanana, utunzaji ni tofauti kabisa. Kabla hujaambiwa "hii oili ni ya maisha", jua kwanza uko na ipi.

Tarehe 12 Desemba

Tulimaliza wiki ya kwanza ya Desemba. Gasketi mpya niliikata mwenyewe. Oili niliipima mara tatu, Guka akiwa amekaa kwenye kigoda akinitazama. Nilipomaliza kumimina akanyoosha mkono, nikampa kile kikopo. Alikishika tu.

Sikutaka kuendesha. Nilimwambia ni gari lake. Akaingia, akakanyaga klachi, akaweka gia ya kwanza bila kelele yoyote, akaachilia. Terraplane ikaondoka polepole bila kuruka. Kale kamlima ka gareji ikakapanda kama hakapo. Mjomba, ambaye huwa hasifu kitu, akasema, "Hiyo sasa ni klachi."

Siku ya Jamhuri mwanawe alikuja na familia kutoka Nairobi. Alikuwa amekuja kumaliza mambo, nadhani. Guka akawaweka wajukuu nyuma, mahali palipokuwa pa kuku, wakaenda sokoni na kurudi. Jamaa alipanda mbele. Sikusikia walichozungumza ndani. Ninachojua ni kwamba wale wa mizani hawajapigiwa simu tena, na mwezi Januari alinitumia elfu tano kwa simu na ujumbe mfupi: "Ya oili."

Nimemwandikia Guka ratiba kwenye ukurasa wa nyuma wa kile kitabu, chini ya mwandiko wa babake. Tarehe ya kubadilisha oili, kiasi, aina, na onyo moja kwa herufi kubwa: KLACHI HII HAIOSHWI IKAACHWA KAVU. Fundi mwingine akija baada yangu, ataliona. Na kama hataliona, Guka ameapa kwamba safari hii hatangoja kuulizwa.

Kila Jumamosi ananipigia simu kutoa ripoti ya sakafu. Jumamosi iliyopita ilikuwa tone moja. Nikamuuliza tone kubwa ama dogo.

"Dogo," akasema. "Lakini nimeweka kadibodi, tulihesabu."